Kushona na Kuvaa Vazi la Mestisa la Ufilipino, Mtindo wa 1905 Hivi

Kosa linaloharibu mavazi mengi ya maonyesho ya Kifilipino hutokea kabla mkasi haujagusa kitambaa. Fundi huchukua mikono iliyosimama kama mbawa za kipepeo, ambayo ni ya miaka ya 1920, akaitia juu ya saya pana ya miaka ya 1890, akatupia mtandio mabegani, akamaliza. Kila kipande kinaweza kuwa sahihi peke yake, lakini vyote pamoja havina mwaka wao. Kwa hiyo amua mwaka kwanza.

Vazi tunaloshona hapa, liitwalo la mestisa (neno la Kihispania la mwanamke mwenye asili mchanganyiko), ni la mwanamke wa mjini mwenye uwezo, Manila au mji mkubwa wa mkoani, mnamo 1905. Ilikuwa miaka saba baada ya Hispania kuikabidhi Marekani visiwa hivyo kwa mkataba wa Paris wa Desemba 1898, na minne tangu meli Thomas ilipowashusha Manila walimu wa Kimarekani wapatao 500. Wanaume wa mjini walikuwa wakihamia suti. Wanawake wengi walishikilia vazi lao, ila mkato wake ulikuwa umeshaanza kufuata mstari wa gauni za Ulaya na Marekani: nyonga zimebanwa, pindo limefunguka, nyuma kuna mkia.

Tena, hili si gauni. Ni vipande vinne vinavyovaliwa kimoja baada ya kingine. Kamisa ni blauzi fupi isiyo na kola, yenye mikono mipana na kitambaa chepesi cha kuonyesha. Panyuelo ni kitambaa cha mraba kinachokunjwa pembe tatu na kukaa mabegani. Saya ni sketi ndefu. Tapisi ni kitambaa cha juu ya saya, kutoka kiunoni hadi magotini hivi. Chini ya vyote kuna shimizi na gaguro. Vazi la kipande kimoja, terno, lilikuja baadaye kabisa, kwa hiyo ukiona zipu mgongoni ujue unatazama kazi ya kizazi kingine.

Picha za studio za wakati huo ndizo kiolezo bora, lakini zisome kwa tahadhari. Kadi za posta zilizopakwa rangi kwa mkono hazithibitishi rangi ya nguo, maana aliyezipaka alijichagulia rangi mwenyewe. Picha za malkia wa Kanivali ya Manila, sherehe iliyoanza 1908, zinapendeza, ila malkia alivishwa kwa ajili ya jukwaa. Picha za familia, walimu na wanafunzi zitakusaidia zaidi.

Vitambaa

Kamisa na panyuelo za kifahari zilikuwa za pinya, kitambaa cha nyuzi za majani ya mnanasi. Jani hukwanguliwa kwa kigae cha kauri kutoa nyuzi nene, kisha kwa kifuu cha nazi kutoa zile laini za ndani. Nyuzi huoshwa, huanikwa, halafu huungwa kwa mkono, fundo baada ya fundo, mpaka ziwe uzi mrefu wa kufumia. Kitovu cha kazi hiyo ni Kalibo, mkoani Aklan, na mwaka 2023 ufumaji wa pinya wa Aklan uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Pinya ya mkono ni ghali, na upana wake kwa kawaida ni karibu sm 75 tu, kwa hiyo usikate ya kweli kabla hujamaliza nakala nzima kwa shuka kuukuu.

Kwa hadhi, chini ya pinya kuna husi, kitambaa chepesi cha hariri, na sinamai, kinachofumwa kwa nyuzi za abaka, mmea wa jamii ya mgomba. Sinamai ni kigumu na cha bei nafuu, kinafaa vazi la kila siku.

Kama huna njia ya kupata vitambaa hivyo, tumia organza ya hariri. Organdi ya pamba nayo inafaa, na inashoneka kwa urahisi zaidi. Organza ya poliesta tunaikataa: inang'aa mno chini ya taa, haipokei wanga, na pasi ikizidi joto kidogo inayeyuka. Rangi isiwe nyeupe ya karatasi. Pinya isiyotiwa rangi ina krimu inayoelekea manjano, na organza nyeupe ya hariri unaweza kuifikisha hapo kwa chai ya rangi: vijiko viwili vya majani katika lita mbili za maji, chuja, acha ipoe, tumbukiza kitambaa kilicholowa tayari, kitikise dakika mbili au tatu, suuza. Jaribu kipande kidogo kwanza na kiache kikauke, kwa sababu kikiwa na maji huonekana cheusi kuliko kilivyo.

Saya ilishonwa kwa satini, hariri au pamba. Nyingine zilikuwa na mistari, nyingine zilitariziwa au kuchorwa maua kuelekea pindoni. Tapisi ya giza, hasa nyeusi, ya lesi, wavu au satini, hailaumiwi na mtu.

Vipimo vya mfano vilivyo hapa ni vya kifua sm 90, kiuno sm 70, nyonga sm 96. Utahitaji organza mita 2.5 ya upana wa sm 110 kwa kamisa na panyuelo, na satini mita 4.25 ya upana wa sm 150 kwa saya. Gaguro na shimizi vishone kwa pamba nyeupe ya kawaida.

Kamisa

Kata vipande viwili vya mwili, kila kimoja upana sm 52 na urefu sm 55. Hapo kuna sm 2 za mshono kila ubavu, na kifua kimebaki na nafasi ya sm 10. Shingo ni pana na ya duara: sm 26 kutoka bega hadi bega, ikishuka sm 12 mbele na sm 4 nyuma. Mbele, katikati, chana mpasuo wa sm 15 ili kichwa kipite na nywele zisivurugike. Usiweke vifungo, panyuelo itaufunika.

Kitambaa hiki kinaonyesha mishono yote, kwa hiyo mabega na mbavu zishonwe mara mbili. Weka vipande ndani kwa ndani, shona milimita 4 kutoka ukingoni, punguza nyuzi zinazochomoza, geuza, kisha shona tena milimita 6 kutoka kwenye mkunjo. Ukingo mbichi unabaki umefungwa ndani. Acha sm 22 za kwapa wazi kila upande, kukupa mzunguko wa sm 44. Shingo ikunge kwa utepe mwembamba wa kitambaa hichohicho uliokatwa mshazari. Ukiikunja tu itavutika na kulegea, na kamisa yenye shingo iliyolegea huteleza bega moja jioni nzima.

Mikono ndiyo inayotangaza mwaka. Mnamo 1905 ni kengele: inaanza na marinda begani, inafunguka, na kuishia chini kidogo ya kiwiko. Kila mkono ni kipande chenye sm 66 juu, sm 100 chini, urefu sm 42. Ongeza sm 1.5 za mshono kila upande na sm 1 juu na chini. Shona pindo la chini kwanza, likiwa bado bapa, jembamba iwezekanavyo. Kisha funga mshono wa chini ya mkono. Sasa gawanya sehemu ya juu: sm 8 kutoka mshono huo kila upande ziache bila rinda, jumla sm 16. Zilizobaki sm 50 zinatakiwa kuingia kwenye sm 28 za kwapa, kwa hiyo unameza sm 22, yaani marinda 11 yanayokula sm 2 kila moja. Rinda la kati likae juu ya mshono wa bega. Matano ya mbele yatazame nyuma na matano ya nyuma yatazame mbele, yote yakielekea begani. Piga bandi kwa mkono, mvishe mtu au mwanasesere wa fundi, tazama, ndipo uende kwenye cherehani.

Mafundi wengi hukusanya marinda kwa kuvuta uzi, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Mvuto wa uzi huleta puto laini kama la gauni la mtoto, na wanga hauwezi kulisimamisha. Rinda lililokunjwa na kupigwa pasi lina mgongo, na ndilo linalobeba kengele.

Nakshi, kama ipo, inakaa kwenye mikono na pembe za panyuelo, na hutariziwa kabla ya kukata. Lumban katika Laguna na Taal katika Batangas ni miji yenye sifa ya kazi hii, hasa ile ya kung'oa baadhi ya nyuzi za kitambaa na kuzifunga zilizobaki mpaka yatokee matundu yenye mpango. Uzi uwe wa rangi ya kitambaa. Kama huna mtarizi mzuri, acha kitambaa kitupu. Lesi ya kumetameta ya dukani inaushusha mkono kwa uzito wake na kuufanya uonekane wa harusi ya juzi.

Panyuelo

Kata mraba wa sm 94, kunga pande zote, ubaki na sm 90. Kunja pembe kwa pembe lakini usilinganishe: pembe ya juu ipungue sm 4 ili kingo zote mbili zionekane mgongoni. Ukingo wa mkunjo, ule mrefu, ndio unaopita nyuma ya shingo. Katikati yake fanya mikunjo mitatu ya sm 2.5 ikipandana, ishike kwa nyuzi chache zisizoonekana, kisha iache ifunguke kuelekea ncha mbili zinazokuja mbele. Ncha zikutane chini kidogo ya katikati ya kifua na zibanwe kwa bruchi.

Panyuelo isivutwe kukaza mabega kama mtu anavyojitanda kanga. Nyuma inasimama mbali na shingo kiasi cha vidole vitatu, na kisogo kinaonekana chote. Ikilala mgongoni, ama wanga haukutosha ama bruchi imebanwa juu mno. Ishushe bruchi sm 3 uone nyuma inavyoinuka.

Wanga

Hapa ndipo umbo linapopatikana, na hapa ndipo watu huwa na haraka. Tumia wanga wa muhogo. Kwa mwili wa kamisa, gramu 20 kwa lita moja ya maji. Kwa mikono na panyuelo, gramu 50 kwa lita. Koroga wanga kwanza katika kikombe cha maji baridi mpaka kusiwe na donge, mimina kwenye maji yanayochemka huku ukikoroga, pika hadi uji ubadilike kutoka weupe na kuwa kama kioo, kisha uchuje kwa kitambaa. Uji ambao haujaiva huacha unga mweupe juu ya kitambaa kikishakauka, na donge moja linaonekana kama doa kutoka safu ya tatu ya viti.

Uji ukiwa vuguvugu, tumbukiza nguo, ibonyeze bila kuikamua, ilaze kati ya taulo mbili. Panyuelo ibandike bapa juu ya kioo au meza ya plastiki, uvute kingo zikae sawa na uzi wa kitambaa. Ikiwa bado na unyevu kidogo, piga pasi kwa joto la hariri, kitambaa kikavu katikati. Mikono ipige pasi kuanzia pindoni kwenda juu, kisha ijaze karatasi nyeupe zilizokunjwakunjwa na uiache ikauke ikining'inia.

Usipige pasi pinya iliyokauka kabisa. Nyuzi zake zikiwa kavu na zenye wanga huvunjika mahali pa mkunjo, na mkunjo uliovunjika haurudi. Kumbuka pia kwamba wanga hunywa unyevu wa hewa. Manila ina tatizo hilo, na Tanga, Mombasa na Zanzibar vilevile: kamisa iliyotiwa wanga Ijumaa huenda Jumapili ikawa imelala. Tia wanga siku moja kabla, si zaidi.

Saya

Mkato tunaoutumia ni wa vipande saba vyembamba juu na vipana chini, mfano wa visu, na jina la Kihispania la mtindo huo lina maana hiyohiyo ya visu saba. Kipande cha mbele ni kimoja, kisha viwili vya karibu na mbele, viwili vya ubavu, viwili vya nyuma. Upana wa kiunoni, bila mshono, ni sm 12, 9, 10 na 17 kwa mfuatano huo. Nyonga, sm 20 chini ya kiuno, ni 15, 13, 15 na 20. Pindoni ni 40, 45, 55 na 75, na kuzunguka kote inakuwa mita 3.9. Ongeza sm 1.5 za mshono kila upande.

Urefu wa mbele upime kutoka kiunoni hadi sakafuni akiwa amevaa viatu vya siku hiyo, kisha punguza sm 1. Kwa mfano wetu ni sm 104, ukiongeza sm 4 za pindo. Vipande vya nyuma viongezwe sm 40 kwenye mshono wao wa kati, na urefu huo upungue kwa mstari wa duara hadi sifuri unapofika mshono wa ubavu. Huo ndio mkia. Panga vipande vyote vikitazama upande mmoja: satini ukiigeuza kichwa chini hung'aa tofauti, na vipande viwili vya saya moja vitaonekana vya rangi mbili.

Shona ukianzia mbele kwenda nyuma. Mshono wa kati nyuma uache wazi sm 25 za juu. Kiunoni vipande vya nyuma vina ziada ya sm 6 kila kimoja. Ikunje marinda mawili mawili kuelekea katikati. Ndiyo inayofanya mbele na mbavu zibane huku nyuma ikibaki na nafasi ya kutembea. Funga kwa mkanda wa kiuno wenye sm 72 na vishikizo vya chuma. Kabla ya kushona pindo, iache saya ikining'inia usiku mzima. Mishono ya mshazari hushuka, na pindo lililoshonwa haraka litakuwa na mawimbi.

Ndani ya mkia weka bitana ya pamba yenye upana wa sm 20 kufuata pindo lote. Inalinda satini isilike sakafuni na inaupa mkia uzito wa kukaa umetandazika. Shona pia kitanzi cha utepe upande wa ndani, ili mvaaji auinue mkia kwa mkono wa kushoto anapopanda ngazi.

Tapisi haina kazi kubwa: mstatili wa sm 110 kwa 60, pindo pande tatu, utepe wa kufungia juu. Ncha zikutane nyuma ili mkia usizibwe.

Kuvaa

Shimizi kwanza, na shingo yake ya lesi ipangwe vizuri kwa sababu itaonekana kupitia kamisa. Sapatu zinafuata sasa hivi, kabla ya kitu chochote kinachozuia kuinama. Za mahameli yenye nakshi na kisigino kifupi ndizo hasa. Kisha gaguro lenye marinda pindoni, marefu kidogo nyuma ili yaubebe mkia. Nywele zitengenezwe wakati huu: zimeinuliwa na kujazwa mbele, fundo nyuma, kitana cha kupambia kikichomekwa.

Kamisa ivaliwe na watu wawili, mmoja akishika mikono isipondeke. Ifunge kiunoni kwa utepe, kwa sababu ina ziada ya sm 30 pale, na uisambaze ziada hiyo nyuma zaidi kuliko mbele. Saya inakuja juu yake na kuumeza mwisho wa kamisa. Tapisi, panyuelo, bruchi. Mkufu wa shanga za dhahabu za kusokota ulipendwa sana, na kipepeo cha kujipepea mkononi kinakamilisha. Mvaaji aambiwe mapema kwamba hataegemea kiti wala kupita mlangoni ubavu kwa ubavu na mtu.

Ukitaka vazi la mwishoni mwa miaka ya 1910 au la 1920, mabadiliko ni haya: mkono unafupishwa na kubanwa bapa mbele na nyuma, marinda yanasimama juu ya bega badala ya kuteremka, panyuelo inakuwa ndogo, saya inakuwa nyembamba zaidi. Kwa mikono ya aina hiyo mafundi wa leo huweka wavu mgumu ndani, na sisi tunafanya hivyo pia kwa jukwaa, kwani wanga pekee hauvumilii mazoezi ya siku tatu.

Kutunza

Baada ya matumizi toa wanga wote, hata kama utavaa tena mwezi ujao, maana wadudu wanaokula nguo huufuata wanga kwanza. Loweka kamisa na panyuelo kwenye maji ya kawaida nusu saa, zioshe kwa sabuni laini bila kusugua wala kukamua, suuza mpaka maji yasiteleze tena. Zikauke kivulini zikiwa zimelazwa. Panyuelo izungushe kwenye bomba la karatasi lililofunikwa kitambaa cheupe cha pamba. Kamisa usiitundike kwenye hanga, mabega yatachanika kwa uzito wa mikono. Ilaze sandukuni na karatasi nyeupe ndani ya mikono, saya ikiwa chini yake.